Kwa Nini Njia ya Ritare Inakata Kushoto

Jumatatu, 17 Machi. Mugumu.

Gazeti limenipa kazi ya msimu mzima wa masika: kutembea kwa miguu njia zote zinazofaa wageni katika bonde la Mto Mara, upande wa Tarime na upande wa Serengeti, na kuandika kila moja urefu wake, muda wake na kinachoonekana. Njia ni kumi na moja. Miaka ishirini na sita nimeandika kesi, chaguzi na wizi wa ng'ombe, sasa natumwa kuangalia maji yakianguka. Sijakataa. Vifaa: buti, saa, kifaa cha kupima umbali kwa setilaiti, madaftari mawili, koti la mvua. Nimepanga chumba nyuma ya soko. Mvua: hakuna.

Jumanne, 18 Machi.

Bwawa la Manchira, njia ya upande wa mashariki. Kibao kinasema kilomita nane, nimepima sita na nusu. Mzee aliyekuwa anachunga mbuzi aliniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia natembea tu. Akanipa pole.

Alhamisi, 20 Machi.

Nimempata dereva wa pikipiki, Okinyi, Mjaluo wa Shirati mwenye wajomba Migori, ng'ambo ya mpaka. Nilimuuliza kama anaendesha kwa uangalifu. "Madam, mimi sina spidi, nina akili." Dakika kumi baadaye tulilipita basi la Musoma kwenye kona. Nimemwambia akili ipungue.

Ijumaa, 21 Machi.

Halmashauri. Ofisa utalii anaitwa Faudhia, mtu wa Pangani, ana miaka miwili hapa na bado anavaa sweta saa saba mchana. Alinikunjulia ramani ya njia mezani. Mwisho wa Mei, baada ya ukaguzi, wataidhinisha njia mpya moja tu upande huu. Inayoongoza kwa uzuri ni Ritare, yenye maporomoko makubwa kuliko yote bondeni. Tatizo lake ni muda. Masharti yanasema mgeni aende, akae nusu saa, arudi barabarani ndani ya saa nne, kwa sababu mvua ya vilimani hufika mchana na kijito hujaa. Ritare inachukua zaidi ya saa tano.

"Tatizo ni hapa," alisema, akagusa sehemu ambapo mstari unapinda kushoto kama mkono wa kikombe. Pembeni pameandikwa: *njia inapinda kukwepa mteremko mkali*.

"Nani aliandika?"

"Nimekuta hivyo, dada Justa."

Jumatatu, 24 Machi. Ritare.

Saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka Mugumu. Mwongozaji alikuwa amesimama barabarani kabla hatujafika: Nyangwine, miaka thelathini na nne, kofia ya njano, sauti ya chini. Njia hii kaitengeneza mwenyewe kwa miaka miwili. Amechonga ngazi kwenye udongo kwa jembe na sururu, akaweka mawe kila ukingo. Alisema ziko mia mbili na kumi na nne. Nimehesabu mia mbili na tisa. Nilipomwambia, alirudi akahesabu upya, akanionyesha tano zilizofunikwa na majani. Yuko sahihi.

Nilimuuliza njia ikikosa idhini atafanya nini. Hakuzunguka. "Binamu yangu ana nafasi Migori, kupakia miwa kwenye malori. Nimemwambia anisubiri mpaka katikati ya Juni. Njia ikipita, nabaki. Isipopita, naenda na mke na watoto watatu."

Tulitembea kilomita mbili na nusu vizuri kabisa. Kisha tukafika kwenye jiwe kubwa lenye mshale mweupe wa rangi unaoelekeza kushoto. Mbele ya jiwe kuna njia nyingine, pana, imekanyagwa, imenyooka, na sauti ya maji inatoka hukohuko. Nyangwine akakata kushoto.

"Huku mbele je?"

"Nyuki, mama."

"Wengi?"

"Wakali."

Tukazunguka kichaka, tukashuka bondeni, tukapanda tena. Kutoka barabarani hadi maporomoko: kilomita sita na mita mia moja. Kwenda na kurudi, pamoja na mapumziko: saa tano na dakika arobaini.

Maporomoko yenyewe: maji yanaanguka mara mbili, kwanza kama mita kumi na nne juu ya mwamba mweusi, yanatulia kwenye beseni la jiwe, yanaanguka tena kama mita tisa. Nilikuwa nimepanga kukaa dakika kumi na tano. Nilikaa arobaini.

Jumatano, 26 Machi.

Mvua ya kwanza. Niliosha buti.

Jumatano, 2 Aprili. Ritare.

Nimeamua kurudi kila wiki ili niandike kiasi cha maji kinavyopanda. Kwenye jiwe la mshale nilisimama. "Nyuki bado wapo?"

"Nyuki wamehama," alisema Nyangwine. "Kuna koboko."

Alitazama buti zangu wakati anasema. Kilomita sita na mia moja.

Ijumaa, 4 Aprili.

Upande wa Tarime, njia ya ukingoni juu ya mto. Kilomita tisa, viboko saba, hakuna kivuli. Okinyi alibaki na pikipiki. Alisema kiboko hana adabu ya kusubiri ujitambulishe.

Jumatano, 9 Aprili. Ritare.

Sababu ya leo: tope. Nilisogea hatua ishirini mbele ya jiwe. Udongo mkavu, mchanga mchanga, ungeweza kuanika mtama. Nyangwine alikuwa ameshakata kushoto, anaita, "Mama mwandishi, huku, huku!" kwa sauti ya mtu anayeita mtoto aliye karibu na moto.

Jumatano, 16 Aprili. Ritare.

Sababu ya leo: nyati mwenye ndama.

Nyuki, koboko, tope, nyati. Okinyi, nilipomsomea orodha, alisema wiki ijayo itakuwa treni. Katika rasimu ya gazeti nimeandika: *Mwongozaji ni hodari na njia ni nzuri, lakini hasemi kweli kuhusu kipande kimoja, na kipande hicho ndicho kinachoiua njia yake.* Nimefikiria labda anaficha shamba la bangi. Nimeshaandika habari za namna hiyo na huwa zinaanza hivi: mtu mpole, jibu jipya kila wiki.

Jumapili, 20 Aprili.

Pasaka. Kanisani, kisha ugali na nyama kwa mwenye nyumba. Mvua mchana kutwa.

Jumatano, 23 Aprili. Ritare, peke yangu.

Sikumwambia Nyangwine. Okinyi alinishusha saa mbili asubuhi, akaahidi kwamba nisiporudi saa nane atakuja kunitafuta, ila hataingia kwenye bangi. Kwenye jiwe la mshale nilinyoosha mbele.

Nyuki: hakuna. Nyoka: hakuna. Tope: hakuna. Nyati: kinyesi cha ng'ombe tu. Baada ya mita mia nne nilitokea kwenye uzio wa minyaa, na njia ikapita katikati ya uwanja uliofagiliwa, hatua sita mbele ya mlango wa nyumba. Ukisimama hapo uwanjani maporomoko yote mawili yanaonekana, juu na chini, na mvuke wake unafika mpaka kwenye paa la jiko. Ni mahali pazuri kuliko pote nilipofika msimu huu.

Mwanamke wa miaka sitini na kitu alikuwa anapepeta ulezi. Hakushtuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi. Kaa. Nilikutegemea wiki ya pili, umechelewa."

Anaitwa Wegesa. Nilikaa. Nilimuuliza, moja kwa moja kama ninavyouliza polisi, nyuki wako wapi.

"Nyuki gani?"

Nikamsomea kwenye daftari: tarehe ishirini na nne Machi, nyuki. Tarehe mbili Aprili, koboko. Tarehe tisa, tope. Tarehe kumi na sita, nyati mwenye ndama.

Aliweka ungo chini. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mimi ndiye nyuki! Mimi ndiye koboko! Sasa nyati nimekuwa lini, na huyo ndama ni nani?"

Nyangwine amemwoa Robhi, binti yake wa pili, miaka tisa iliyopita. Kwa Wakurya mkwe hapiti mlangoni kwa mama mkwe wake hivi hivi, kwenda na kurudi, na watu nyuma yake. Akimwona njiani anaacha njia. Mama akimwona kwanza, anaacha yeye.

"Kwa nini hakusema?"

"Amwambie nani? Yule binti wa ofisini? 'Njia yangu inapinda kwa sababu ya mama mkwe'? Angeandika wapi?" Alichukua ungo tena. "Mimi nina wakwe wanne. Mmoja ni dereva wa Musoma. Alikuja hapa akanipa mkono, akaniambia, 'Mambo vipi, mama.' Siku mbili sikula vizuri. Huyu wa kofia ya njano hana kosa hata moja. Nikisikia sauti yake kwenye jiwe, halafu inapotea kushoto, nasema, asante Mungu, Robhi alipata mtu."

Nikamweleza habari ya saa nne, ya idhini, ya malori ya miwa, na kwamba Robhi na watoto wataondoka naye. Habari ya masharti hakuwa nayo. Ulezi uliacha kuruka kwenye ungo.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "heshima yangu ndiyo inampeleka Migori."

Kutoka uani nilinyoosha hadi maporomoko, kisha nikarudi kwa njia hiyohiyo, nikipima. Kutoka barabarani hadi maporomoko: kilomita tatu na mita mia nne. Kwenda, kukaa nusu saa, kurudi, ukitoa mazungumzo ya uani: saa tatu na dakika kumi na moja. Okinyi alikuwa ananisubiri barabarani. Nilipomweleza, alinitazama kama mtu aliyenunua samaki aliyeoza. "Miaka ishirini na sita mwandishi, na hukuuliza kwanza mke wake anatoka wapi? Kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Jina huja la pili."

Nimefuta ile sentensi kwenye rasimu.

Alhamisi, 24 Aprili.

Nilimkuta Nyangwine akipaka rangi mshale. Nikamwambia, "Nyati anakusalimia."

Alivuta kofia ikafunika uso wote mpaka kidevuni, akabaki hivyo. Nilisubiri. Kisha kutoka ndani ya kofia, kwa wingi wa heshima: "Wamekasirika?"

"Wamecheka."

"Wamecheka sana?"

"Waliweka ungo chini."

Akaitoa kofia. Nilimuuliza kama yuko tayari tuzungumze, wote watatu. Alisema yuko tayari kuzungumza, ila watatu haiwezekani, labda wawili na mmoja.

Jumatano, 30 Aprili.

Kikao. Wegesa ndani ya uzio wa minyaa, kwenye kigoda. Nyangwine nje ya uzio, amesimama, mgongo kwetu. Mimi kwenye pengo la uzio, mita mbili kutoka kwa kila mmoja. Wanasikiana kila neno.

"Mwandishi, mwambie Alhamisi mimi huwa sokoni, naondoka saa kumi na mbili asubuhi narudi jioni. Alhamisi njia ni yake."

Nikageuka. Kabla sijafungua mdomo: "Mwandishi, waambie nashukuru sana. Lakini wageni wakija siku nyingine?"

"Mwandishi, mwambie aanze na Alhamisi. Mkaguzi akipita, mengine tutayaona."

"Mwandishi, waambie nitaweka kamba, mgeni yeyote asiguse vyombo vyao."

"Mwandishi, mwambie vyombo havina shida. Shida ni yule jogoo, anapiga watu."

Kwa nusu saa sikufanya kazi yoyote isipokuwa kuwepo. Faudhia, nilipompigia simu, alikubali bila kuuliza: ukaguzi Alhamisi, tarehe ishirini na mbili Mei. Nilimwambia ni siku nzuri kwa hali ya hewa.

Jumatatu, 5 Mei.

Mvua. Njia mbili za Tarime zimefungwa kwa tope la kweli.

Jumanne, 6 Mei.

Mvua.

Jumatano, 7 Mei. Ritare.

Milimita hamsini na mbili kwa siku mbili, kwa kipimo cha Wegesa, ambacho ni kopo la mafuta ya kupikia lenye mistari ya msumari. Amekuwa akipima tangu mwaka juzi. Sijui nilikuwa nahangaika kuwauliza watu gani wengine.

Jumatano, 14 Mei.

Kijito kimekata njia ya kushoto bondeni. Ule mzunguko haupo tena, kuna maji mpaka kiunoni. Nyangwine anasema mpaka Alhamisi ijayo yatashuka, na yasiposhuka haidhuru, Alhamisi njia ya mbele ni yake. Nyangwine hana kawaida ya kupiga mluzi. Leo alipiga.

Jumanne, 20 Mei. Ritare.

Okinyi alinigongea mlango saa kumi na mbili na nusu. "Madam, gari la ukaguzi limelala Mugumu. Wanaenda Ritare leo."

Nilimpigia Faudhia. Alikuwa ameshaingia garini. Mkaguzi anatakiwa Dodoma Alhamisi, ratiba imesogezwa, hakuna la kufanya. "Kuna shida, dada Justa?" Nikamwambia nakuja.

Tulianza saa mbili na nusu kamili asubuhi: Faudhia, mkaguzi, mimi, na Nyangwine mbele. Mkaguzi anaitwa Enock, mtu mfupi wa Dodoma, saa ya kupimia muda shingoni kwenye kamba. Aliibonyeza mbele yetu wote. Uso wa Nyangwine ulikuwa wa kijivu. Aliniuliza kwa mdomo bila sauti, *wapo?* Nikatikisa kichwa kwamba sijui. Lakini leo ni Jumanne, na nilijua.

Saa tatu na dakika ishirini tulifika kwenye jiwe. Sauti ya maji kushoto ilikuwa kubwa kuliko ya maporomoko. Nyangwine alisimama. Enock akasimama. Sote tukasimama.

"Tunaenda wapi?" aliuliza Enock.

"Mkuu," alisema Nyangwine, "kuna..."

Nilimwona akitafuta mnyama. Hakumpata. Enock aliangalia saa yake, akaandika kitu. Dakika nne zilipita. Nimeshaona watu wakisubiri hukumu mahakamani, walikuwa na sura ileile.

Ndipo sauti ikatoka mbele, nyuma ya kichaka, hatua chache kutoka kwenye jiwe. "Mwandishi! Waambie wageni mimi natangulia. Wanaofuata wafuate. Na wa mwisho awe wa mwisho!"

Wegesa, aliyekuwa ametusikia kutoka kwake, alitokea na mwavuli mkubwa wa rangi nne, ameulaza begani nyuma yake, hivyo kilichoonekana kwetu ni mwavuli na visigino viwili. Akaanza kutembea kuelekea maporomoko bila kugeuka. Nyangwine akarudi nyuma yetu wote, akashusha kofia machoni, akawa anatazama visigino vya Enock. Katikati tukawa sisi watatu, kama ukuta wa nyumba.

"Huyu mama ni nani?" Enock aliuliza.

"Mwongozaji wa mbele," nilisema. Ilikuwa kweli tangu sekunde thelathini zilizopita.

Tulipita uani. Jogoo alimrukia Faudhia. Tulipofika mbele ya maporomoko Enock alitoa fomu. "Urefu wake?"

"Mita ishirini na tatu, mkuu, yote mawili," ilijibu kofia kutoka nyuma.

"Mwandishi," ulisema mwavuli kutoka mbele, "mwambie mkuu kwamba kiangazi sehemu ya chini inaonekana yote, inafika ishirini na tano."

"Mwandishi, mwambie mkuu kwamba waliosema hivyo wamesema sawa."

Enock alinitazama, akamtazama Faudhia. "Kuna mtu ana shida ya kusikia?"

"Hapana, mkuu," alisema Faudhia, ambaye alikuwa hajui lolote. "Ni mfumo wao."

"Mvua kwa mwaka?"

"Mwandishi, mwambie mkuu tunalo kopo."

Faudhia alinivuta pembeni. Nilimweleza kwa sentensi mbili. Akasema, "Kwa hiyo kwenye ramani, *mteremko mkali*..."

"Ndiyo. Anapepeta ulezi."

Alichuchumaa kwenye ngazi akalia kwa kucheka. Enock akaja kuuliza kulikoni, ikabidi aambiwe. Nilitegemea achukie. Aliutazama mwavuli, akaitazama kofia, akainamisha kichwa. "Mimi mama mkwe wangu yuko Kondoa," alisema. "Nikimwona stendi, nageuka dukani nanunua maji nisiyoyataka. Nyumbani nina katoni."

Lakini saa ilikuwa inakimbia. Wakati tunacheka mvua ya juu ilikuwa imeshashuka, na kivuko cha mawe chini ya beseni, ambacho tulipokivuka asubuhi kilikuwa cha kifundo, kilikuwa cha goti na kinapanda. Wegesa alikijaribu kwa fimbo.

"Mwandishi, waambie wote washikane mikono. Binti wa ofisi anishike mimi. Wewe umshike yeye. Mkuu akushike wewe. Wa mwisho amshike mkuu, na asimwachie hata akiambiwa."

Hivyo tukavuka, watu watano, mnyororo mmoja, na wawili waliokuwa kwenye ncha hawakugusana wala kutazamana. Katikati Enock alikanyaga jiwe lenye utelezi. Mguu wake wa kulia ulikwenda, wa kushoto ukafuata, maji yakamfika kifuani. Nilihisi bega langu likivutwa. Nyangwine alimkamata mkanda wa suruali kwa mkono wa pili, akaketi chini ndani ya maji kama nanga. Mbele, Wegesa alichimbia fimbo na kuegemea. Hatukwenda popote. Enock alisimama tena, mzima, bila kalamu na bila ile saa ya shingoni.

Tuliingia barabarani tukichuruzika. Okinyi alikuwa amesimama na mkono juu kama refa.

"Muda wangu umekwenda na maji," alisema Enock. "Nani ana saa?"

Mimi ndiye niliyekuwa nayo. Wote walinitazama, na mwavuli pia, kutoka nyuma ya mti, ulikuwa umetulia kabisa. Nilisoma kama ilivyokuwa: saa sita na dakika ishirini na sita. Tulitoka saa mbili na nusu kamili. Saa tatu na dakika hamsini na sita.

"Una hakika?"

"Kama ningeongeza au kupunguza, ningekupa namba nzuri zaidi."

Akaandika.

Jumatano, 21 Mei.

Bega linauma. Nimekunywa dawa.

Jumanne, 27 Mei.

Barua imetoka. Faudhia alinisomea kwa simu kabla hata ya kuwapigia wenyewe, jambo ambalo nilimwambia si sahihi. Ritare imekubaliwa, kwa njia fupi, kwa sharti moja: kwa kuwa mkaguzi aliikuta ikiongozwa na watu wawili, mbele na nyuma, itaendelea kuwa na wawili. Wote wahudhurie mafunzo ya siku tatu Mugumu, tarehe tisa hadi kumi na moja Juni, na wote wafaulu huduma ya kwanza. Mmoja akianguka, njia inasubiri mwaka mwingine.

Nilipeleka habari mwenyewe, kwanza ndani ya uzio, kisha nje. Wegesa aliuliza kama darasa lina milango miwili. Nyangwine aliuliza hilohilo.

Jumatatu, 9 Juni. Mugumu.

Nimekwenda kuangalia. Chumba kina mlango mmoja na madirisha manne, washiriki kumi na sita. Wegesa dawati la mbele, daftari jipya. Nyangwine nje barazani, kwenye dirisha la nyuma, viwiko juu ya kizingiti. Mkufunzi ni nesi Adhiambo. Asubuhi alimuuliza anamsubiri nani. "Nasoma," alijibu Nyangwine. Mchana mtu alimtolea kiti.

Jumanne, 10 Juni.

Wegesa ameuliza maswali tisa. Dirisha limeuliza manne.

Jumatano, 11 Juni.

Mtihani wa mwisho ni wa vitendo. Adhiambo alisoma maelekezo: kila njia wawili wawili, mmoja awe majeruhi, mwingine amfunge kipande cha mti na bendeji, kisha wabadilishane.

"Ritare."

Washiriki Wakurya, ambao ni kumi na mmoja, walianza kuangalia viatu vyao. Dirishani kofia ya njano ilishuka taratibu mpaka ikatoweka. Adhiambo, Mjaluo, alielewa kabla hajamaliza kuinua macho, lakini fomu ni fomu. "Hapa pameandikwa *majeruhi*," alisema kwa upole. "Lazima awepo majeruhi. Bila majeruhi siwezi kutoa alama, na bila alama..." Kila mtu alijua: Migori ni siku nne tu mbele.

Wegesa aligeuka kwenye kiti, akanitazama mimi niliyekaa ukutani na daftari.

"Mwandishi," alisema, "wewe huoni kwamba umeumia?"

Nilifikiria kanuni ya mwandishi kutoingia ndani ya habari. Nilikuwa nimeshaingia mpaka kiunoni tangu Mei. Nililala kwenye mkeka.

Wegesa alikwenda ubaoni, akasimama ameutazama ukuta. Nyangwine aliingia, akanifunga mkono wa kulia, vipande viwili vya mti, bendeji, tanzi la shingoni, dakika sita. Akatoka. Wegesa akageuka, akapiga magoti, akanifunga kifundo cha mguu wa kushoto, dakika tano na nusu. Adhiambo alikagua kwa vidole, akavuta kila fundo.

"Mkono, kumi na saba kwa ishirini. Mguu, kumi na nane. Wamefaulu wote."

Waliokuwa wanaangalia viatu walipiga makofi. Kutoka barazani nilimsikia Nyangwine kwenye simu: "Binamu, tafuta mtu mwingine wa miwa. Hapana, mtu mwingine. Mimi nina kazi."

"Mwandishi," alisema Wegesa akiwa ameutazama ukuta tena, "mwambie aliyefunga mkono hakukaza vya kutosha."

"Mwandishi," lilisema dirisha, "waambie bendeji imelegea kwa sababu majeruhi anatikisika kwa kucheka."

Hilo ni kweli, naliandika. Maandishi ya leo ni mabaya kwa kuwa natumia mkono wa kushoto. Wa kulia Adhiambo amekataza nisiufungue mpaka washiriki wote wapite wauangalie, na bado wako tisa kwenye foleni.